Pangani: Mji Mdogo wa Mtoni Wenye Habari Kubwa

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo wako watu wengi wenye kazi za ofisini, na wakulima waliokwisha vuna na kuuza, ambao kila mwaka hupata siku chache za mapumziko wasijue wazipeleke wapi. Wengine huzimaliza nyumbani wakipokea wageni. Wengine huzipeleka katika miji mikubwa, wakarudi mifuko mitupu na miguu imechoka. Kwa mtu wa namna hiyo uko mji mmoja katika pwani ya Tanzania ambao wafaa kufikiriwa. Ni mji mdogo, hauna kelele, wala hauna majumba marefu. Lakini mto wake ni mkubwa, na habari zake ni kubwa kuliko mto. Mji huo ni Pangani.

Mji wenyewe uko kusini ya Tanga, mwendo wa maili 30 hivi kwa njia ya pwani. Umejengwa mahali mto wa Pangani uingiapo baharini. Nyumba nyingi ziko ukingo wa kaskazini, na ng'ambo ya pili ni kijiji cha Bweni, kilichokaa chini ya kilima chenye miti. Kwa miaka mingi watu na magari walivushwa kwa pantoni, na mashua ndogo zikapita huku na huku na mizigo ya nazi, samaki na kuni. Katika miaka ya 2020 ilianzishwa kazi ya kujenga daraja kubwa lenye urefu wa futi zipatazo 1,700, ili njia ya pwani itokayo Tanga ipate kuendelea mpaka Saadani na Bagamoyo. Mgeni apandaye kilima cha Bweni wakati wa jioni huona yote kwa mara moja: mapaa ya mji, minazi, maji ya mto ya rangi ya udongo, na maji ya bahari ya rangi ya buluu, yakikutana mlangoni kama watu wawili wasiojuana.

Mtu atembeaye katika mji wa Pangani asiwe na haraka. Karibu na mto liko Boma la zamani. Mwanzo wake lilikuwa nyumba ya Mwarabu tajiri, na milango yake ya mbao iliyochongwa nakshi ni ushahidi wa utajiri huo. Baadaye Wadachi waliligeuza likawa nyumba ya Serikali yao. Wenyeji husimulia kwamba nyumba hii ilipojengwa, watumwa walizikwa wazima chini ya nguzo zake ili jengo lipate nguvu. Haya ni masimulizi, na si kila simulizi huweza kuthibitishwa. Lakini watu hawasimulii habari ya namna hiyo juu ya nyumba ambayo waliipenda. Mbele kidogo uko mtaa wa maduka ya Wahindi, wenye nyumba za ghorofa na roshani za mbao. Nyingi zimechakaa. Nyingine zimebaki kuta tu, na mibuyu na mipapai imeota ndani yake.

Kwa nini mji mdogo namna hii ulikuwa na matajiri? Jibu ni mto na njia. Katika karne ya 19 Pangani palikuwa mlango wa safari za bara. Misafara ilifuata bonde la mto, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare, ikafika Kilimanjaro, na kutoka huko ikaingia nchi ya Wamasai. Ilikwenda na nguo, shanga na masango, ikarudi na pembe za ndovu, na pia watumwa. Kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa, na viwanda vya kukamua sukari na asali ya miwa. Kazi ngumu ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Kwa hiyo mgeni anapovutiwa na uzuri wa milango ya Pangani, yafaa akumbuke pia jasho lililoilipia.

Wasomaji wa Kenya wana sababu yao wenyewe ya kuujua mji huu. Mmoja wa wafanya biashara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyeijua njia ya Wamasai kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake, alifuatana na Mwingereza Joseph Thomson katika nchi hiyo mwaka wa 1883. Miaka minne baadaye Mhangari Samuel Teleki na mwenziwe Ludwig von Höhnel walianzia safari yao hapo Pangani. Jumbe Kimemeta alikuwa pamoja nao, na katika mwezi wa Machi 1888 msafara huo ulifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, ambalo Wazungu hao waliliita Rudolf, na ambalo tangu mwaka wa 1975 laitwa rasmi Turkana. Wenyeji wa huko walikuwa wakilijua tangu zama za babu zao. Katika vitabu husifiwa Wazungu wawili. Lakini msafara haukwenda kwa miguu ya watu wawili. Uliendeshwa na mamia ya wapagazi wa pwani, ambao wengi wao hata majina yao hayakuandikwa. Hata katika mji wa Nairobi lilikuwako jina la Pangani tangu siku za kwanza. Kijiji cha Waafrika cha jina hilo kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakaaji wake wakahamishiwa upande wa Pumwani. Lakini jina limedumu hata leo, na wako wasemao kwamba lililetwa na watu wa misafara.

Mwaka uliofanya jina la Pangani lisikike Ulaya ni 1888. Katika mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa, alitia sahihi mapatano ya kuipa kampuni ya Kidachi mamlaka ya kutawala pwani na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani kuyashika mamlaka hayo. Mtu huyu hakuwa na adabu. Alilazimisha bendera ya kampuni itwekwe, akamdharau liwali wa Sultani, na askari wake wakaingia msikitini wakiwa na mbwa. Watu wa Pangani hawakuvumilia. Walimfungia ndani ya nyumba pamoja na wenziwe, na hangalitoka salama kama asingalikuja jemadari wa Sultani, Lloyd Mathews, akamwokoa na kumrudisha Unguja.

Ndipo akatokea Bushiri bin Salim, mtu wa kabila la Harthi, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Alikuwa tajiri mwenye watumwa, wala hakupigania haki ya kila mtu. Lakini aliweza kukusanya pamoja Waarabu, Waswahili na watu wa bara ambao kila kundi lilikuwa na chuki yake juu ya kampuni. Mwaka huo huo aliwakamata Mdachi Hans Meyer na mwenziwe Oscar Baumann waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, akawafunga minyororo, akawaachilia kwa fidia. Meyer alirudi tena mwaka wa 1889, na mwezi wa Oktoba akafika juu ya kilele cha Kilimanjaro. Basi mtu wa kwanza ambaye maandishi yasema alifika kileleni pa mlima huo alikuwa amepata kuwa mfungwa katika nchi ambayo maji ya mlima huo huo huishia.

Vita havikukaa upande wa Bushiri. Serikali ya Wadachi ilimtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari wa Kisudani na askari wengine waliochukuliwa kutoka kusini, Msumbiji. Mwezi wa Mei 1889 waliivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo, na mwezi wa Julai wakautwaa mji wa Pangani. Bushiri alikimbilia bara, akapungukiwa na watu, mwisho akasalitiwa na kukamatwa. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakuishi sana. Aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Mshairi wa pwani, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, alivitungia utenzi vita hivi vya Wadachi, na kwa hiyo habari hizi zimehifadhiwa kwa ulimi wa wenyeji na si katika vitabu vya washindi peke yao.

Baada ya vita mji ulianza kupungua. Tangu mwaka wa 1893 Wadachi walijenga reli kutoka Tanga, na mwaka wa 1911 ikafika Moshi. Bidhaa zilizokuwa zikipita bonde la mto kwa mabega ya watu sasa zilipanda gari la moshi. Mlango wa mto nao una fungu la mchanga, hata meli kubwa haziwezi kuingia. Tanga ikanenepa, Pangani ikakonda. Lakini kabla ya kukonda, Pangani ilitoa zawadi moja kubwa kwa wakulima. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche ya katani kutoka Florida huko Marekani. Ilipelekwa kwanza Hamburg, na kutoka huko ikaja Afrika. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa, mingi ilikufa njiani, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Ilipandwa Kikogwe, kusini ya mto. Kutoka katika hiyo 62 yalienea mashamba makubwa ya katani ya Tanganyika, na kufikia miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza ulimwengu wote. Mkulima adharauye kitalu kidogo na aikumbuke Kikogwe.

Mgeni akiisha kuona mji, hapana budi aupande mto wenyewe. Mashua hupatikana kwa mapatano na wenyeji, na wakati ulio mzuri ni alasiri, maji yanapojaa na jua limepoa. Katika mwendo wa kwanza pande zote mbili ni mikoko. Mtu wa bara huiona yote kuwa mti mmoja, lakini mwenyeji huitenga: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, msinzi, mkandaa, na mlilana usimamao mbele karibu na maji. Kila mmoja una kazi yake. Mmoja hutoa boriti, mwingine hutoa rangi ya kutilia ngozi, mwingine hufaa kwa mataruma ya mashua. Na yote kwa pamoja huzuia udongo usichukuliwe, na huwa nyumba ya kamba na samaki wadogo. Ndiyo sababu kuikata bila ruhusa ni marufuku.

Mbele zaidi mikoko huisha na minazi huanza. Mdiria huonekana akikaa juu ya tawi kimya, kisha hujitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Mamba nao wamo. Kwa hiyo mgeni asitie mkono majini kwa mchezo, wala asioge mtoni kwa kuwa ameona watoto wa mahali wakifanya hivyo. Apendaye kuoga na aende pwani ya Ushongo, kusini ya mto, ambako mchanga ni mweupe na mrefu. Apendaye wanyama na aendelee kusini mpaka mbuga ya Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 2005, ambako ndovu na nyati huishi karibu na bahari.

Upande wa bahari kiko kisiwa cha Maziwe, ambacho ni mwendo wa maili 5 hivi kutoka bara. Safari yake hutegemea maji. Bahari ikipwa, mtu hukuta fungu la mchanga mweupe, na kando yake matumbawe yenye samaki wa kila rangi. Bahari ikijaa, kisiwa chote huzama. Zamani haikuwa hivyo. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wengi walikuja kutaga mayai huko, hata kikahesabiwa miongoni mwa mahali penye sifa kubwa kwa kasa katika Afrika Mashariki. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakala kisiwa kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Kasa hakupata habari hiyo. Hurudi mahali pake pa desturi, huchimba, hutaga mayai yapatayo mia au zaidi, hufukia, huenda zake. Kama yakiachwa, maji ya bahari huyafunika na kuyaua. Basi watu wa Ushongo wamefanya kazi ya kuyachukua mayai kwa uangalifu na kuyafukia tena pwani ya bara, ambako baada ya siku 55 au 60 hivi watoto wa kasa hutoka na kukimbilia bahari. Mgeni aliyejaliwa kuwapo siku hiyo huwa na jambo la kuwasimulia wanawe.

Habari ya Maziwe ni onyo, na onyo hilo sasa lahusu mto wenyewe. Mlangoni mwa kila mto pana mashindano kati ya maji ya mto na maji ya bahari. Mto ukiwa na nguvu, maji baridi huisukuma bahari nje. Mto ukidhoofika, bahari hupanda. Na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, hutambaa chini, mtu asiyaone, mpaka yamefika mbali. Ndivyo ilivyokuwa Pangani. Maji ya chumvi yamepanda mtoni kuliko zamani. Wakulima wa kingo za mto wameona minazi ikinyauka vichwa, na mashamba yaliyokuwa yakistawisha mpunga na migomba yakiota magugu ya chumvi. Maji ya kunywa nayo hutafutwa mbali zaidi. Mkulima ajua maana yake: mnazi huchukua miaka mingi kukua, na ukifa, mtu amepoteza urithi na si mavuno ya msimu mmoja tu.

Sababu zake ni zaidi ya moja. Kiko kiangazi cha Mwenyezi Mungu, ambacho hakuna mtu awezaye kukizuia. Lakini ziko pia kazi za binadamu. Mto huu una urefu wa maili 300 hivi, na njiani watu wengi wana haja nao. Maji ya Kilimanjaro na Meru hunywesha mashamba kwa mifereji, na mifereji mingine ya Wachaga ni ya tangu zamani. Huko chini kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, maji huwekwa akiba; na penye maporomoko karibu na Hale hutumika kutoa nguvu za umeme. Hakuna hata moja katika hayo lililo baya kwa lenyewe. Watu wapaswa kula, na mji wapaswa kuwa na taa. Shida ni kwamba kila mmoja huteka kana kwamba yeye ndiye wa mwisho, naye aliye wa mwisho kweli, yaani mtu wa Pangani, hupata mabaki.

Na jambo hili halikomei Tanzania. Sehemu ndogo ya bonde la mto Pangani, kiasi cha moja katika ishirini, imo ndani ya Kenya. Mto Lumi hushuka kutoka Kilimanjaro, hupita Taveta, huingia katika ziwa Jipe lililo mpakani, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Ruvu na kujiunga na safari ya Pangani. Kwa hiyo mkulima wa Taveta afunguaye mfereji asubuhi, akaumwagilia mgomba wake, kisha akausahau wazi mpaka jioni maji yakapotea njiani, amemnyima kidogo mtu wa Bweni ambaye hatamwona kamwe. Naye apandaye miti ukingoni na kufunga mfereji wake kwa wakati wake amemsaidia mtu huyo huyo, ingawa hatashukuriwa. Ujirani wa mto ni mrefu kuliko ujirani wa ua.

Basi atakaye kwenda Pangani na aende. Miezi iliyo mizuri ni ile iliyo mbali na masika, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Na achukue kofia, viatu vya kukanyagia matumbawe, na nguo za heshima za kuvaa mjini, kwa kuwa ni mji wa watu wa dini na desturi. Na aulize saa za kujaa na kupwa kabla ya kupatana juu ya mashua, na akubali shauri la nahodha kuliko haja yake mwenyewe. Asiokote kombe hai, wala asivunje matumbawe. Na amlipe mwenyeji amwonyeshaye njia, maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jioni, akikaa ukingoni kuitazama bahari ikiupanda mto, na ayaonje maji kwa ncha ya kidole. Kama ni ya chumvi, ajue kwamba ladha hiyo haikuanzia hapo. Sehemu yake ilianzia mbali, juu ya mlima, katika mfereji ambao mtu aliuacha wazi.